Havikuvutwa

Nilikwenda shuleni nimekasirika, na niliyemkasirikia ni mwanangu mwenyewe. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa ameniita: binti amegoma kusahihisha ripoti ya jaribio, na asipoisahihisha kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, anaondolewa darasa la sayansi. Mtoto ambaye tangu ajue kusema anataka kuwa injinia. Na kusema alianza mapema, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Nimetoka zamu wodini, miguu imevimba, mvua inanyesha, eti nikasuluhishe ugomvi wa vipande vya karatasi.

"Waandikie wanachotaka," nilimwambia mlangoni mwa maabara. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mama, na wewe?"

Akanieleza. Unasugua rula ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, rula inapata chaji, ukiisogeza juu ya vipande vya karatasi vinairukia. Wao walisugua mpaka mikono ikawauma na hakikuruka hata kimoja, maana kwa unyevu huu chaji inavuja kabla hujageuka. Mwalimu akasema andikeni vimevutwa. Darasa zima likaandika. Yeye akaandika havikuvutwa, na sababu yake.

"Si uandike tu? Nani atakufa?"

"Hakuna atakayekufa. Ila sikuona, mama."

Kichwa hicho kakirithi kwa baba yake, mimi simo.

Mwalimu tulimkuta kwenye meza ndefu karibu na sinki. Wanafunzi wamembandika jina Volti, kwa kuwa haguswi. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha daftari lenye sifuri nyekundu, kubwa kama yai.

"Mama, sheria ya chaji haibadiliki kwa ajili ya mvua," alisema. "Kani iko palepale."

"Sheria ipo, mwalimu, chaji ndiyo haipo," Chiriku akadakia. "Chaji ikipungua, kani nayo inapungua. Na rula niliisogeza karibu kabisa, kwa sababu ukiiweka mbali kidogo tu kani inafifia haraka."

"Unauona mdomo huo?" mwalimu akaniuliza.

Nilikuwa nauona. Nimeuzaa mwenyewe.

Basi ili kumaliza maneno, Volti akachukua rula, akaisugua kwenye mkono wa sweta lake mpaka bega likatikisika. Akaishusha juu ya vile vipande. Vimelala. Kimoja kilitikisika, kwa pumzi yake. Akainua uso akanitazama.

"Mama, umeona vilivyovutwa?"

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Mwanangu abaki na sayansi yake, mimi nikalale. Nikamtazama Chiriku, alikuwa ameinamisha kichwa, hataki hata kuona nitajibu nini. Niliona aibu. Halafu ile hasira niliyokuja nayo ikahama, ikamhamia mwenye rula.

"Sikuona," nikasema.

"Lakini mama, kitabu kinasema..."

"Mwalimu, mimi ni muuguzi. Mgonjwa nimempa dawa na homa haijashuka, siandiki imeshuka kwa sababu kitabu kinasema hushuka."

"Hapa si hospitali."

"Kweli. Hapa ndipo wanapofundwa watakaokuja kututibu."

Akalifunga daftari. "Basi kesho asije darasani kwangu."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikavua viatu vilivyolowa.

"Sasa unafanya nini, mama?" mwalimu akauliza.

"Nasubiri. Endelea kusugua. Kikiruka kipande kimoja tu, mwanangu ataandika vimevutwa, na mimi nitakuomba radhi mbele ya darasa zima."

Hakusugua. Alitazama mlango, akatazama viatu vyangu. Kengele ikalia, wanafunzi wakajaa dirishani, na mwalimu mkuu akaingia kuuliza kuna msiba gani. Volti akamwambia mzazi amegoma kutoka. Mimi nikamwambia ninachosubiri.

Mkuu akacheka. Jambo dogo hilo, akasema, yeye mwenyewe alilifanya enzi zake. Akaichukua rula, akaisugua kwenye koti lake la sufu, akaishusha. Wapi! Akasugua tena, safari hii kwa hasira, jasho likimtoka. Vipande vikakaa pale pale, na dirishani mtu akacheka chinichini.

"Hebu niletee kitambaa kikavu," akamwamuru Volti.

"Leo hakuna kitu kikavu hapa, mkuu," Volti akajibu kwa uchovu. "Hata usugue mpaka kesho, havitavutwa."

Chiriku akalifungua daftari kwenye ule ukurasa, akamsogezea kwa mikono miwili, na kalamu juu yake.

"Basi naomba uandike hivyo, mwalimu," akasema kwa heshima zake zote. "Hapo penye sifuri."