Nashon Apewa Doria

Teresa alichaguliwa mwenyekiti wa ufuo mmoja kule Karungu kwa sababu ya upole wake, na upole huo huo nusura umwangushe. Miezi miwili aliwasihi wavuvi waache nyavu za matundu madogo zinazokomba hata vifaranga vya samaki aina ya ngege. Walimpigia makofi mkutanoni, kesho yake wakatupa nyavu zile zile ziwani.

Basi akamwita Nashon, kinara wa wavunja sheria, akampa ukuu wa doria ya kusaka nyavu hizo.

Irine, katibu wake, alishika kichwa. "Mama, unampa fisi bucha?"

"Fisi yuko buchani tangu zamani," Teresa akasema. "Mimi nataka awe upande wangu."

Hata hivyo moyo ulimsuta. Waliotii sheria wangeuliza mbona mkaidi ndiye kapata cheo.

Nashon alicheka hadi machozi, akakubali kwa sharti moja. "Tuanzie kwako, Mwenyekiti."

"Karibu," Teresa akajibu kifua mbele. Kumbe ya nyumbani kwake hakuyajua. Nyuma ya banda la kuku Nashon alivuta gunia, na ndani yake mlikuwa na wavu wa matundu ambamo kidole hakipenyi. Bonface, mumewe Teresa, akaanza kukagua mawingu kana kwamba mvua inakuja.

"Baba Valentine!" Teresa akamkaripia mumewe.

"Ulikuwa wa marehemu mjomba," Bonface akanong'ona. "Ni kumbukumbu tu."

"Omera, ndugu yangu, kumbukumbu yenye magamba mabichi!" Nashon akasema, na majirani wakaangua kicheko.

Teresa aliubeba wavu mwenyewe hadi ufuoni, akautia moto mbele ya watu wote. Kufikia jioni, nyavu kumi na moja zililetwa bila kufuatwa. Nashon, kichwa kimemvimba, akaja na fimbo ya kuwachapa waliobaki. Teresa akamnyang'anya, akaivunja kwa goti.

"Choma nyavu. Mgongo wa mtu usiuguse, la sivyo kesho doria ni ya Irine."

Nashon alimkodolea macho, akaona hatanii. "Sawa, Mama."

Masika yalipokwisha, ngege walirudi, wanene. Bonface alivua wake kwa wavu halali, akamkaangia mkewe kwa mikono yake, na Irine akaalikwa.

"Bado sijapenda ulivyofanya," Irine akasema, akilamba vidole.

"Hata mimi," Teresa akasema. "Ongeza ugali."