Muuaji Mwenye Miwani ya Uzi

Katika vitabu vyangu viwili vya kwanza niliua watu Dar es Salaam, mji niliokuwa nimeukanyaga kwa siku tatu tu, na moja kati ya hizo nilishinda naumwa tumbo. Haikunizuia. Nilimuua mfanyabiashara hotelini, nikamuua na mhudumu aliyeshuhudia, kisha Inspekta Kingu, mpelelezi wangu, akamfuata muuaji kwa lifti hadi ghorofa ya nane. Lifti yenyewe sikuwahi kuiona. Niliandika kwamba Inspekta alizikimbilia ngazi za lifti mpaka akahema. Kitabu kilipotoka, msomaji mmoja wa Ilala aliniandikia barua ya kurasa nne kunieleza lifti ni kitu gani.

Basi kitabu cha tatu nikaamua kuua nyumbani.

Nyumbani ni Iramba, katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ulemo. Mwaka huo wa 1974 nilikuwa na miaka ishirini na sita na diploma ya ualimu. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kusimamia madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kuua watu kwa Kiswahili safi.

Wachapishaji wangu hawakupokea mswada wa mkono. Waliutaka umepigwa taipu, na waliutaka kabla ya tarehe thelathini Juni. Ukichelewa, barua yao ilisema, nafasi yako atapewa mwandishi mwingine, na wewe utasubiri mwaka mzima. Kijiji kizima kilikuwa na taipu moja. Ilikaa katika ofisi ya duka la ushirika, na ufunguo wa ofisi ulikaa katika mfuko wa Melkiori.

Melkiori alikuwa katibu wa duka, na alikuwa mtoto wa shangazi yangu Luciana. Kwetu hilo linatosha kueleza kila kitu: mtoto wa shangazi ni mtani wako. Unamtukana, anakutukana, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Baba yangu alipofariki, Melkiori alivaa koti na kofia ya marehemu akatembea katikati ya waombolezaji akikohoa kama baba, akiuliza nani kagusa tumbaku yake. Mama, ambaye hakuwa ameonja chakula kwa siku mbili, alicheka mpaka akaomba maji, na baada ya maji akaomba uji.

Kwa hiyo kila jioni, kisomo kikiisha, nilikwenda ofisini kwa Melkiori, tukatukanana kidogo mlangoni, kisha nikakaa kwenye taipu yeye akipanga sabuni na viberiti upande wa dukani.

"Leo unaua nani?" angeuliza.

"Mtu mwenye kelele."

"Basi jiue."

Mambo yalikwenda hivyo hadi sura ya kumi, nilipohitaji muuaji. Mtu wangu alikuwa amekutwa amekufa ghalani, chini ya magunia ya karanga, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajua nani kamweka pale. Nikainua macho. Kwenye mwanga wa dirisha alisimama Melkiori, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi tangu kishikio chake kimoja kilipovunjika, ananyonya kifuniko cha kalamu, anaangalia sanduku la sabuni kama mtu anayelishuku. Vidole vyangu vikaanza kukimbia vyenyewe. Muuaji akawa katibu wa ushirika. Nikampa miwani ya uzi. Nikampa kifuniko cha kalamu. Nikampa na ule mwendo wake wa kutanguliza bega la kushoto, kana kwamba kila mlango ni mwembamba. Niliandika kurasa tisa bila kufuta neno, na nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mtu aliyekula nyama.

Lakini nilifanya kosa ambalo Inspekta Kingu asingelifanya. Nilikuwa nimetumia karatasi mpya za kaboni, nikaziacha mezani. Kaboni iliyotumika mara moja husomeka vizuri kabisa ukiielekeza kwenye jua.

Kesho yake jioni meza ilikuwa tupu. Taipu ilikuwa ndani ya kabati la chuma, na kabati lilikuwa na kufuli. Melkiori alikaa mbele yake, bega la kushoto mbele.

"Binamu," nikasema, "mashine yetu iko wapi?"

"Mashine ya ushirika imehifadhiwa. Wauaji ni wengi siku hizi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Melkiori! Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Umeshindwa! Subiri nimwambie kila mtu."

"Waambie," akasema. "Wa hapa waambie wote, hawana shida. Wa hapa wanajua mimi ni mtoto wa shangazi yako. Ukiniita muuaji, mwizi, fisi, watacheka na watangoja nikujibu. Lakini hicho kitabu kinakwenda wapi? Dar. Mwanza. Tanga. Huko nani anajua kwamba mimi na wewe ni watani? Akija mkaguzi kutoka mkoani amekisoma kwenye basi, akanikuta hapa na miwani yangu, atafikiri nini? Utani ni wa mdomo, Damari. Hauchapwi."

Nilimjibu mengi. Nilimwambia kitabu ni hadithi ya kubuni. Akaniuliza kama miwani ya uzi niliibuni. Nilimwambia basi nitamfanya muuaji kuwa mganga wa zahanati. Akasema vizuri, nimpelekee mganga sura hiyo kabla sijaumwa malaria. Nilimwambia lugha yetu haiwezi kukua kama kila mtu ataifungia kabatini. Akasema lugha iko huru kabisa, kilichofungiwa ni taipu.

Zilibaki siku kumi na moja. Sura mbili zilikuwa hazijaandikwa, na kubadili muuaji kulimaanisha kurudia kurasa zaidi ya mia, kwa sababu tangu sura ya pili nilikuwa nimeshamtegea kila kitu bila mwenyewe kujua. Na mbaya zaidi, sikutaka kumbadili. Katika vitabu vyote vitatu huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwandika akasimama kwa miguu yake.

Kesho yake nikaenda kushtaki kwa mama yake.

Shangazi Luciana alikuwa uani akipepeta mtama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Uso huo umeutoa wapi?"

"Kwa mwanao."

Nikamweleza yote. Akaniambia nimsomee hiyo sura. Nikasoma nimesimama, ungo ukienda juu na chini, na nilipofika kwenye bega la kushoto ungo ukasimama. Shangazi alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka kuku wakaanza kusogelea mtama na hakuwafukuza.

"Huyo ni Melkiori," akasema akifuta macho. "Hata baba yake alikuwa anaingia nyumbani hivyohivyo, kama anaingia zizini. Sasa, umemtukana vizuri. Yeye kajibu nini?"

"Hakujibu, shangazi. Amefungia mashine."

"Angejibia wapi?"

Nikageuka kufukuza kuku.

"Nakuuliza. Wewe umemtukana ndani ya kitabu. Yeye ajibu wapi? Dukani? Watu wa Tanga watamsikia kutoka dukani?" Akaanza kupepeta tena. "Mtani asiyepewa nafasi ya kujibu hakutaniwa huyo. Ametukanwa tu. Mpe nafasi."

"Ndani ya kitabu changu?"

"Matusi si yamo humo?"

Ningependa kusema nilikubali kwa moyo mweupe. Sikukubali. Nilirudi nyumbani nikala ugali nimenuna. Mimi ndiye mwanamke niliyepigana na mhariri kwa barua tatu kwa ajili ya neno moja. Leo nimruhusu Melkiori, mtu anayeandika "kuhusiana na suala la upatikanaji wa chumvi", aingie ndani ya riwaya yangu na viatu vyake? Nilihesabu siku, zikabaki tisa. Asubuhi nilikwenda dukani nikamwambia: sura ya kumi na moja, muuaji anakiri. Aandike yeye.

Akavua miwani, akaivaa tena.

"Nitaandika nitakalo?"

"Mradi akiri."

"Na wewe hutagusa?"

"Nitasahihisha lugha tu."

"Hugusi hata nukta. Nani alishawahi kusahihisha jibu la mtani wake?"

Alinishika hapo. Hayupo.

Melkiori aliandika sura yake kwa siku nne, kwa vidole viwili, mlango umefungwa, na kijiji kikinunua mafuta ya taa kupitia dirishani. Siku ya tano alinipa kurasa sita. Nilizisoma nimekaa juu ya gunia.

Muuaji alikuwa amekiri kwa njia ya kumbukumbu za kikao. Waliohudhuria: muuaji. Asiyehudhuria kwa taarifa: marehemu. Agenda ya kwanza, kufungua kikao: "Mwenyekiti ambaye pia ni muuaji alifungua kikao saa mbili kamili kwa kumpiga marehemu kichwani." Agenda ya pili ilikuwa yatokanayo. Kuhusiana na suala la kuuficha mwili, ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba magunia ya karanga yanatosha. Na kwenye mengineyo, muuaji akatoa malalamiko yake juu ya shahidi mmoja, mwalimu wa kike mwenye vidole vya wino, anayemtazama kila mtu kama anampima sanda, anayejisifu kwamba hakuna anayekijua Kiswahili kama yeye, na ambaye ugali wake huliwa kwa kijiko kwa sababu haujawahi kushika. "Ilielezwa kwamba posa mbili zilikwisha kurudi nyuma kutokana na ugali huo."

Posa ilikuwa moja.

"Moja!" nikapiga kelele. "Na haikuwa kwa sababu ya ugali!"

"Umekasirika?" Melkiori akauliza kwa upole mkubwa.

Nilizikunja kurasa zake nikaziweka mahali pake ndani ya mswada. Akafungua kabati. Nilipiga sura ya mwisho siku mbili mfululizo, na mswada ukapanda basi la Kiomboi tarehe ishirini na saba.

Septemba ikaja barua. Mhariri alikuwa amefurahi. Alisema huyu muuaji ndiye mtu bora kuliko wote niliowahi kuwaandika, na kwamba sura ya kumi na moja imewachekesha hadi wapiga chapa. Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Yaliniuma kuliko ugali.

Kisha akaendelea: "Hata hivyo, sehemu ile ya mwalimu wa kike tunaona ni dhihaka isiyo na sababu, na wasomaji wanaokufahamu wanaweza kudhani ni wewe. Kwa heshima yako tunapendekeza kuiondoa. Usipotujibu kwa posta ya wiki hii, tutaelewa kwamba umekubali."

Nilikaa na barua ile mapajani. Sikutakiwa kufanya kitu chochote. Nilitakiwa kutofanya. Wiki ipite, ugali utoke, posa mbili zitoke, miwani ya uzi ibaki mpaka Tanga. Melkiori angekipata kitabu, angetafuta mengineyo, asingeyaona, na mimi ningesema kwa uso mkavu: wahariri wa Dar, binamu, unawajua walivyo. Angeniamini. Alikwishaniamini mara moja, alipofungua kabati.

Siku tatu nilikwenda kwenye madarasa yangu ya kisomo na barua mfukoni. Siku ya tatu mwanafunzi wangu mmoja, Mzee Simeoni, babu aliyekuwa ndio kwanza anaanza kuunganisha silabi, aliniuliza kitabu kinachosemwa na kila mtu kitakuja lini.

"Karibu kitatoka, mzee."

"Nasikia Melkiori kaua mtu humo."

"Kaua."

"Na nasikia amekujibu." Akatabasamu na meno yake yaliyobaki. "Hapo ndipo nataka kupasoma mwenyewe. Nisisomewe."

Jioni hiyo nilipita dukani. Melkiori alikuwa kwenye ngazi, anapanga madaftari.

"Wachapishaji wamesema nini juu ya sura yangu?" akauliza bila kugeuka. Aliuliza kama mtu asiyejali, lakini daftari alilolishika aliliweka, akalitoa, akaliweka tena palepale.

"Wamesema imewachekesha."

"Basi?"

"Na kwamba wewe ni muuaji mzuri."

"Na ugali?"

"Shuka hapo nitumie mashine."

Akashuka. Nikaweka karatasi, na mbele ya macho yake nikapiga barua fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia mhariri. Nilimshukuru. Nilimwambia sura ya kumi na moja haikuandikwa na mimi bali na binamu yangu, mtani wangu, na kwamba kwetu mtu akishatukanwa lazima ajibu. Mwalimu abaki, vidole vyake vibaki, ugali ubaki. Posa nazo ziwe mbili hivyohivyo.

Melkiori alisoma juu ya bega langu, akinyonya kifuniko cha kalamu.

"Hapo juu umekosea tarehe," akasema.

"Toka," nikamwambia, nikairekebisha.