Viboko Ambavyo Eudocia Hakuvipiga

Habari kwamba Adelmo Tanta amekamatwa na sungusungu ilimkuta Eudocia Chuquilín akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akajifunga shali, akapanda kwenda uwanjani na furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu amzike mumewe.

Adelmo ndiye aliyemwibia ng'ombe wake wa maziwa akamuuza bondeni. Crisanto, mumewe, bila kujua ameshauzwa, alitoka kumtafuta ng'ombe huko juu kwenye nyika za baridi, mvua ya mawe ikimpiga, akarudi mikono mitupu, kifua kikikoroma. Hakuinuka tena. Tangu hapo, kila sala ya kanisani ilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, Eudocia alifumba mdomo, akawaacha wenzake waseme.

Uwanjani alimkuta Adelmo amepigishwa magoti, mgongo wazi. Orfelinda, mwenyekiti wa sungusungu, mama wa mwili mkubwa na maneno machache, akamkabidhi Eudocia kiboko cha ngozi.

"Anza wewe, mwenzangu. Usimwonee haya."

"Haya ya nini? Ngoja nikunje sweta."

Watu wakacheka. Eudocia akainua mkono. Adelmo akageuza shingo, akasema taratibu, "Piga, mama. Piga vyote viishe."

Neno hilo lilimchoma. Viishe! Kumbe mwanamume huyu alivingoja viboko kama mgonjwa anavyongoja dawa. Akishachapwa atavaa shati lake, na kesho atapita njiani akisalimia watu, maana pale kijijini mwizi aliyekwisha kuchapwa hasemwi tena. Na Crisanto je?

Akakitupa kiboko chini. "Simpigi. Na mtu yeyote asimguse kwa ajili yangu."

"Mama, nakuomba," Adelmo akasema.

"Omba kwingine."

Jumapili mchungaji Baldomero alimsimamisha mbele ya kanisa. "Mtazameni dada yetu. Kiboko kilikuwa mkononi, naye akasamehe." Watu wakaitika amina. Eudocia akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu, kumbe alikuwa anaficha kicheko.

Kisasi chake kilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Kwa kuwa Adelmo hakuchapwa, deni la wizi wake halikuisha. Dukani alinyimwa hata chumvi. Mtoni wanawake walisema, "Mama Eudocia ni malaika, sisi si malaika." Wenye kushika Biblia ndio waliozidi: walimfukuza hata kwenye benchi la nyuma.

Basi kila asubuhi Adelmo akawa anakuja kwa Eudocia. Anapasua kuni, kisha anasimama nje ya lango kwenye umande ulioganda. Eudocia alimchungulia kwenye upenyo wa mlango, bakuli la supu ya moto mkononi, na supu ikamwia tamu.

"Nichape basi, mama."

"Mkono unaniuma."

Asubuhi moja akapita Nélida, muumini mwenzake, amebeba ndoo ya maji machafu ya nguruwe. Alimwangalia Adelmo, akammwagia yote kichwani, kisha akapaza sauti kwa uchangamfu, "Nimekusaidia, dada Eudocia. Wewe endelea kusamehe."

Adelmo hakujifuta. Eudocia alitazama uso wa Nélida ulivyong'aa kwa raha, akaijua ile raha. Ilikuwa yake mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kikimwadhibu mtu huyu kwa jina lake, tena kikiimba tenzi.

Alikaa jikoni kwa muda, akiwa na hasira na Mungu, na Nélida, na Crisanto aliyekubali kufa. Kisha akaenda kufungua lango.

"Ingia."

"Unanichapa?"

"Ingia ule. Viazi vinapoa."

Akampa taulo, akampa viazi na jibini. Adelmo alikula machozi yakimtiririka.

"Usinishukuru," Eudocia akamwambia. "Nikikutazama roho bado inachafuka. Ila leo nimekusamehe. Ile siku ya kwanza nilidanganya. Kesho itabidi nikusamehe upya, maana najijua."

Jumapili alilisema hilo mbele ya kanisa lote, Adelmo ameketi kwenye benchi la Eudocia. Baldomero akakohoa, akatangaza wimbo. Nélida alihama benchi.

Msimu ule Adelmo alimlimia shamba. Siku nyingine Eudocia aliitikia salamu yake, siku nyingine alijifanya hakusikia. Lakini chakula chake hakuwahi kumnyima.