Mwiko Usiwekewe Kufuli

Ko! Ko! Ko! Nyundo iligonga bati tangu alfajiri, na mlima mzima juu ya Gisenyi ukadhani fundi amepatikana hatimaye. Kumbe fundi mwenyewe ni Donatille, mjane wa miaka ishirini na tisa, ameketi juu ya paa, sketi kaifunga magotini, misumari kaibana midomoni.

Angefanyaje? Mumewe aliuawa mwaka 1994, shemeji zake nao. Miaka mitano yeye na mama mkwe wake, Mukamazimpaka, walikuwa wakilala chini ya turubai. Mabati ya msaada yalipofika, mafundi wachache waliobaki walikuwa na nyumba za kuezeka mpaka mvua ziishe. Donatille akaazima ngazi, akapanda.

Mwanamke kupanda paa ni mwiko, eti huleta kifo nyumbani; Wanyarwanda huita kirazira. Anayeuvunja hunong'onwa, basi. Lakini Théogène, konseye, yaani diwani wa sekta, alikuwa ameandika karatasi: mwanamke atakayepanda paa, atakayepiga mluzi au kukamua ng'ombe, siku tatu kasho, yaani mahabusu, afungiwe kwa kufuli. Jumamosi wakazi wangeipigia kura kwa kuinua mikono.

"We mwanamuke, shuka!" Théogène alifoka kutoka chini.

Donatille alitema misumari kiganjani. "Mi sishuke, konseye. Bado bati mbili."

"Shuka, ama nakupeleka kasho leo leo, sitangoja kura!"

Majirani wakaanza kusogea.

"Nani ameumia?" Donatille akauliza.

"Sisi wote! Watu waliacha kuogopa miko, ukaona yaliyotupata."

Maneno hayo yalimchoma. Alisimama wima juu ya boriti, kila mtu amwone.

"Wale waliua bwana yangu, hakuna mumoja aliitwa mukosaji juu ya kupanda paa. Waliua! Na kuua ilikuwa na sheria tayari. Hiyo ndiyo mungelinda!"

Habib, mshonaji nguo Mwislamu wa jirani, akakohoa kwa adabu.

"Bon, konseye. Kwetu pombe ni haramu. Tuandike na hiyo? Baa yako tutafunga siku gani?"

Kicheko kikapasuka.

"Na Wasabato je?" mama mmoja akadakia. "Mwenye kufua Jumamosi, kasho!"

"Yewe! Hiyo kasho iko kubwa namna gani?"

Théogène akaona anapoteza watu. Akamgeukia Mukamazimpaka, aliyeketi kwenye mkeka, nyumba kaipa mgongo. Tangu asubuhi hakuwa amemsemesha mkwewe hata neno.

"Mama, mwiko munaujua. Museme neno moja tu, nimushushe."

Huko juu Donatille alishusha nyundo. Konseye hakumtisha sana, ila kikongwe huyu akikubali, nani angethubutu kumtetea?

"Kirazira ni kirazira," alisema Mukamazimpaka polepole. "Ile nyumba mi siilale mpaka nione kama hakuna mutu anakufa. Nimemukasirikia, na nitaendelea kumukasirikia."

Théogène akatabasamu, akashika ngazi.

"Ngoja! Sijamaliza. Hasira ni yangu, na mwiko ni wangu, niliachiwa na mama yangu. Nani amekuita uwe polisi? Leo nimemunyamazia, kesho nitamusemesha. We ukimufunga, kesho hiyo nitaitoa wapi? Achia ngazi ya watu!"

Konseye akaiachia. "Jumamosi tutaonana," akasema, akateremka mlima bila kuaga.

Donatille alipigilia mabati mawili yaliyobaki, akashuka, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Bibi aliendelea kutazama ziwa lililo chini ya mlima. Donatille akapaza sauti kila jirani asikie:

"Mama, munikasirikie mpaka muchoke, sitalalamika. Lakini Jumamosi mi nitasimama wa kwanza, niikatae ile karatasi mbele ya konseye. Na hata mikono yote ya mulima ikiinuka, yangu itabaki chini. Ninawaapia."