Supu ya Mkaguzi wa Mizani

Tangu mgahawa mpya ufunguliwe mkabala na ofisi yake, mkaguzi wa mizani alikuwa akirudi nyumbani na supu. Si kwenye bakuli, la, hiyo ingekuwa na faida. Alirudi nayo mdomoni. Alivua viatu akiisifu, akanawa mikono akiisifu, akakaa mbele ya chakula alichopikiwa na kuendelea kuisifu mpaka chakula chenyewe kikapoa. Ilikuwa supu ya njegere kavu, zile za kijani zilizopasuliwa, nzito, yenye harufu ya nyama ya kukaushwa kwa moshi, na juu yake vipande vya mkate vilivyokaangwa kwa siagi. Akishamaliza sifa zake anasogeza sahani, anajipapasa tumbo na kutangaza kwamba ameshiba.

Mkewe, fundi cherehani, alisikiliza. Angefanya nini? Binti yao ameolewa mbali, nyumba imebaki na watu wawili na cherehani, na kati ya hao watatu cherehani ndiyo iliyokuwa inaongea zaidi. Mchana kutwa fundi alikuwa wa wateja, na pindo zao na vifungo vyao. Saa ya chakula cha jioni ndiyo iliyokuwa yake na mumewe, saa ya kutaniana na kuwasengenya watu kwa adabu. Sasa mgahawa umeipora. Mtu aliyeshiba hakai mezani. Anakwenda kusinzia mbele ya televisheni na kuiita hiyo taarifa ya habari. Fundi roho ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haimuumi. Alimtaka mume wake mezani, basi.

Na mume mwenyewe alikuwa mtu wa kanuni. Kutwa alizunguka madukani kwa watu na sanduku lake la mawe ya kupimia, akikagua kama mizani inasema kweli, na jicho lake lilikuwa kali mpaka wauza sukari walimwombea uhamisho. Nyumbani alikuwa na kanuni moja tu, aliyokuja nayo siku za mwanzo za ndoa: kiporo hali. Chakula cha jana, alisema, ni cha jana. Kwa hiyo kila jioni fundi alipika upya, na kilichobaki alikila mwenyewe asubuhi, amesimama jikoni, mume akishatoka, maana kutupa chakula hakuweza. Hakuna aliyemuuliza anakula nini, naye hakusema.

Wifi yake alipokuja kupunguziwa gauni alimkuta amenuna. Akamwambia hakuna haja ya kununa, mgahawani hawapiki malaika, wanapika watu kama yeye, na sufuria ni sufuria. Kama kaka yake anataka supu, apikiwe supu mpaka imtoke puani. Fundi akaona wifi leo kasema neno la maana, jambo ambalo si la kila siku.

Kosa alilofanya ni kumwuliza mumewe supu hiyo ikoje. Mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai alitoa mhadhara. Iwe nzito, kijiko kifikirie kabla ya kuzama. Tena kwa mbali kuna uchachu, na uchachu huo, yeye kama mtu wa vipimo, anaapa ni nyanya, tena zimetangulia kuingia. Fundi, kwa utiifu wake, akatanguliza nyanya. Njegere zikachemka, zikachemka, kuni za dunia zingeisha, nazo, kwa uchachu wa nyanya, ngumu vilevile kama shanga. Mkaguzi akazitafuna kwa kelele za makusudi, kisha akauliza kama anaweza kubeba chache ofisini, azitumie kama mawe ya mizani.

Mara ya pili hakutia nyanya, ila kwa hofu ya ugumu akatia magadi kidogo, kisha akaogopa tena akaongeza. Njegere zililainika, hilo halikatai mtu. Ila supu ikawa na ladha ya sabuni ya kufulia, na mkaguzi akaisifu kwamba inamlisha mtu na kumwoshea bakuli kwa wakati mmoja. Kwa dhihaka alikuwa hodari huyo. Angekuwa hodari hivyo kwa kusema asante, nyumba ingekuwa pepo ndogo.

Mara ya tatu fundi alipika kwa akili zake mwenyewe. Njegere, mfupa wenye nyama ya moshi, kitunguu, karoti, saumu, moto mdogo, chumvi mwishoni. Mumewe akaonja, akainamisha kichwa upande kama daktari, akasema inakaribia, ila vitu vyake havijazoeana. Vijiko vichache, akaenda kwenye televisheni yake. Asubuhi yake fundi alikula iliyobaki, amesimama kama kawaida, akashangaa: ilikuwa tamu. Akajiambia ni njaa tu. Mtu akiambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba cha jana si chakula, mwisho hata ulimi wake mwenyewe hauamini.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Siku iliyofuata fundi aliifunika cherehani, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda mgahawani asubuhi, mapema, asije akakutana na mkaguzi. Akaagiza supu ya njegere. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mekoni aliona sufuria kubwa ndiyo kwanza inatokota, mpishi anakoroga. Mhudumu, mwanamke wa rika lake, alipomletea bakuli, fundi akamwambia hana haraka, yeye atasubiri ile mpya iliyo motoni.

"Ile ya kesho, dada," mhudumu akasema. "Ya leo tumepika jana. Supu hii ukiila siku ileile unajisumbua bure, lazima ilale."

Fundi akaonja. Ulimi ukaitambua papo hapo: ilikuwa ile staftahi yake ya kusimama. Alianza kucheka taratibu, kicheko kikampalia, mhudumu akakimbilia maji. Loo! Mzee wake, asiyekula kiporo, kila mchana alikuwa anavuka barabara kwa miguu yake kukifuata kiporo, anakilia kwenye kitambaa cheupe, na jioni anakuja kukihubiri nyumbani. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amelitia na siagi.

Mchana huohuo alipika, akaificha sufuria ndani kabisa ya friji, rafu ya chini, nyuma ya mabakuli ambayo mumewe hakuwahi kuyagusa maishani. Jioni akampakulia wali na mchicha, akasikiliza hotuba kama kawaida. Kesho yake supu ilikuwa imegandamana, kijiko kilisimama chenyewe. Akaipasha polepole, akiongeza maji kidogo kidogo na kuisonga kwa mwiko mpaka ikalegea, akakaanga mkate. Akala kiapo kwamba hatasema neno. Kama kunyamaza ndiko kutakakomrudisha mume mezani, atanyamaza mpaka kaburini.

Mkaguzi alikaa akiwa ameshaandaa dhihaka. Kijiko cha kwanza kikaimeza. Cha pili kikafuata mbio. Akamaliza bakuli, akasogeza lingine lijazwe, na televisheni ikabaki kiza. Akaanza kumsimulia habari za muuza duka aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani, na muuza duka huyo akaapa kwamba sahani inazama kwa mapenzi ya Mungu tu. Fundi akacheka mpaka machozi, mkaguzi akacheka kwa kumwona anacheka. Saa yake ilikuwa imerudi, imekaa palepale ilipokuwa, na fundi akahisi moyo unamtulia.

Na hapo mumewe, aliyeshindwa maisha yake yote kuacha kizuri kibaki kizuri, akajifuta mdomo akatoa somo.

"Unaona, mama watoto? Chakula kikipikwa leo kikaliwa leo, hakuna mgahawa unaokiweza."

Fundi akauma ulimi. Aliuma kwa nguvu. Ukamponyoka.

"Hicho ni kiporo," akasema. "Na cha huko mgahawani ni kiporo. Nimekwenda, nimeuliza. Wanapika leo, wewe unakula kesho."

Mkaguzi akaweka kijiko chini. Alilitazama bakuli kama anavyotazama mizani iliyomdanganya. Fundi akamsubiri asimame, akaulaani mdomo wake, maana ushindi si mtamu ukibaki nao peke yako mezani.

"Na wewe," mumewe akauliza taratibu, "ulijuaje kwamba kikilala kinakuwa kitamu?"

"Ndicho ninachokula kila asubuhi. Tangu unioe. Unachokiacha wewe."

Mkaguzi akakishika tena kijiko. Akauliza kama supu imebaki. Imebaki kidogo, fundi akasema, ya bakuli moja hivi; yeye bado hajala, atakula asubuhi. Basi mumewe akainuka. Fundi akajua ndiyo hivyo, anakwenda kwenye televisheni. Lakini alisikia droo za jikoni zinafunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine, kwa sababu mwenye nyumba hakujua vijiko vya nyumba yake vinakaa wapi.

Akarudi na sufuria, bakuli jingine na kijiko. Akagawa mwenyewe, taratibu, kwa lile jicho ambalo wauza sukari walikuwa wakilikimbia. Bakuli la mkewe likajaa mpaka ukingoni. Lake likapata ukoko wa sufuria.

Fundi akamwambia mizani yake leo imeharibika. Mkaguzi akasema anajua, akavuta kiti, akaanza kula.