Sarafu Zilizolala kwa Mama Anna

Mume wangu Yassir ni dereva wa lori, na mwaka ule wa Kombe la Dunia kila aliporudi kutoka Afrika Kusini aliniletea sarafu za kumbukumbu. Moja ina mpira, nyingine ina mchezaji anaruka, nyingine ina mnyama mwenye nywele zilizosimama. Mimi mpira siujui, lakini sarafu zile nilizipenda kuliko dhahabu. Niliziweka kwenye kopo la biskuti chini ya meza ya duka langu la vitenge, hapa Tunduma, na wateja wakikosekana nazitoa nazifuta. Ilibaki moja tu seti itimie, yenye picha ya kombe lenyewe. Siku aliyoileta, bwana huyo alikuwa ameifunga kwenye kitambaa chekundu. Chekundu! Katika soko linalolia chuma ulete kutwa kucha!

Kwa asiyejua, chuma ulete ni hela iliyofanyiwa dawa. Mchawi anakulipa, wewe unaiweka pamoja na zako, nayo inarudi kwake ikizikokota zote. Na msimu ule hela zilikuwa zinapotea kweli, hasa za jirani yangu Ferista, Mama Anna, muuza maharage aliyeteremka kutoka milima ya Ileje.

"Shemeji, hizo ni za nini?" Ferista aliuliza alipoona kitambaa kikifunguliwa kando ya zile nyingine mezani.

"Hizi?" Yassir hajui kunyamaza. "Hizi zinaita wenzao, shemeji. Linda sana kisanduku chako."

Akacheka, akapanda lori, akaenda zake Dar. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mdomo unaweza kuwa wa mume na kichwa kikawa cha mke.

Wiki haikuisha. Ferista alifungua kisanduku chake asubuhi akakuta hela ya mtaji haipo. Alipiga ukunga soko zima likasimama. Kufuli halijavunjwa, na funguo zipo mbili tu, moja kifuani mwake na nyingine kwa mumewe Lwitiko. "Mkono wa mtu ungeingiaje?" alilia. Nikaona watu wanageuka mmoja mmoja kunitazama.

Kabla ya adhuhuri walikuwa wamejaa mbele ya duka langu. Aliyetangulia ni Gwamaka, muuza mitumba, ambaye kila asubuhi tulikuwa tunatafutiana chenji.

"Toa hizo hela za frimasoni!"

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anavingirisha tairi kuukuu, bila haraka, kama anayelipeleka kuzibwa pancha. Niliwahi kuona mtu akichomwa kule barabara kuu, na harufu ile mpaka leo haijanitoka puani. Binti yangu Naila, wa miaka mitano, alikuwa nyuma yangu ameng'ang'ania kanga. Nikahisi maji ya moto yananitiririkia kisiginoni. Mtoto alikuwa amejikojolea kwa hofu.

Mimi nikiogopa ndipo ninapopandwa na hasira. Nilichukua kopo nikalimimina mezani, umati mzima ukarudi nyuma.

"Mama Anna, zichukue!" nilipiga kelele. "Changanya na mauzo yako ya leo, funga kwa kufuli lako, ukalale nazo kwako. Kesho tufungue hapa hapa, mbele ya hawa. Ikipungua hata jero, mimi huyu hapa, na tairi lenu hilo hapo."

"Akitoroka je?" mtu akauliza.

"Hatoroki," akasema Gwamaka, na vijana wa bodaboda wakaegesha pikipiki zao mlangoni kwangu. Tairi wakaliegemeza ukutani.

Nilipojifungia humo dukani na Naila ndipo akili iliponirudia. Sarafu zangu haziibi, hilo nilikuwa nalijua. Lakini hela ya Ferista iliibwa. Kuna mtu mwenye mikono yake kabisa aliyeichukua, na mimi nimemkabidhi roho yangu. Akirudia usiku huu, kesho mimi ni majivu. Nakonde iko pale tu, ukivuka mpaka uko Zambia, ila kukimbia ni kukiri. Nilimpigia Yassir, simu haikupatikana. Nikatandika mswala. Sikumwomba Mungu amfichue mwizi. Nilimwomba ampe usingizi mzito.

Asubuhi Ferista alikuja na kisanduku kichwani. Siku zote Lwitiko ndiye aliyekuwa akimbebea. Leo alikuwa anafuata kwa mbali, mikono ameificha kwapani.

Kufuli likafunguliwa. Ferista alihesabu, akarudia tena. Mimi nilikuwa nimemshika Naila kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Ipo," alisema mwishowe. "Yote ipo."

"Ameziamuru zitulie," mtu akanong'ona. Hakuna aliyeniomba radhi. Walitawanyika kinyumenyume, wakiogopa kunipa mgongo.

"Baba Anna," Ferista akaita, "njoo unibebee."

Lwitiko akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtoka, na baridi yote ile ya Tunduma. "Sikigusi tena hicho," akasema.

Ferista alimtazama mumewe, akatazama kufuli, kisha akamtazama mumewe tena. Nami nikaelewa. Ningeweza kupaza sauti, maana Gwamaka hakuwa amefika mbali na tairi bado lilikuwepo. Ferista naye aliliona. Akaanza kunirudishia sarafu moja moja. Alipofikia ile ya kombe aliifumbata.

"Dada yangu," alisema polepole, "hii niachie, ilale kisandukuni."

Alimtupia jicho Lwitiko, na safari hii hakuwa ananiogopa mimi. Roho iliniuma, lakini nilimpa, pamoja na kile kitambaa chekundu.

Yassir aliporudi alifungua kopo kabla hata ya kunawa. "Ya kombe iko wapi?"

"Iko kazini."

Alicheka, akidhani namtania. Mimi nilikuwa natazama nje, kwenye lile tairi ukutani, ambalo hakuna aliyekuja kuliondoa.