Mto Uliopona

Mzee Siraj wa Jeddah alikuwa na sanduku la kanda za video ambalo hakuruhusu mtu alitupe, hata baada ya macho yake kuzimika kabisa. Zilikuwa tamthilia za Waingereza za enzi alizokuwa mwanafunzi kwao: wanasayansi wenye nywele za kufunika masikio wakihangaika na moshi wa sumu, dawa ya mbu iliyoua nyuki, mito iliyojaa povu. Mashine ya kuzichezea ilikuwa imepoteza sauti siku nyingi. Kwa hiyo kila alasiri Rispah, mfanyakazi wa ndani kutoka Vihiga, aliketi kando yake akimsimulia anachokiona, kwa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha shule.

Shida ni kwamba hadithi zenyewe zilikuwa na roho mbaya. Karibu zote ziliishia kwenye msiba, na Rispah hakuwa na moyo wa kumpa mzee kipofu msiba kabla ya chakula cha jioni. Akaanza kurekebisha. Viwanda vikafungwa, nyuki wakarudi mizingani, na mameneja wakaidi wakalia mbele ya watu.

Kisha Nizar, mwana wa mzee, akaja kutoka Riyadh kumhamisha baba yake. Rispah akimpendeza, angekwenda nao. Asipompendeza, angerudishwa kwa ajenti apelekwe nyumba nyingine, na habari za nyumba nyingine alikuwa amezisikia za kutosha kwa Roseline, mfanyakazi wa jirani. Isitoshe, alimpenda yule mzee.

Alasiri hiyo Nizar aliketi nyuma yao. Rispah, hadithi ikishamkolea, akamsahau.

"Mafi kufa, baba," alisema, yaani hakuna aliyekufa. "Samaki wameamka. Wanaruka."

Kwenye kioo samaki walielea matumbo juu, ukingo hadi ukingo.

Nizar akazima mashine. "Anakudanganya kwa sababu huoni," akamwambia baba yake. "Na dawa zako je, anakusomea hivi hivi?"

La samaki lilikuwa kweli. La dawa lilikuwa uongo, lakini nani angemwamini Rispah sasa?

Mzee akacheka. Dawa zake, alisema, alizijua kwa kuzigusa, na Rispah hajakosea hata moja. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa Rispah.

"Hadithi hii niliiona nikiwa kijana. Najua walikufa wote. Niliudhika hata nikaacha masomo ya biashara, nikasomea kusafisha maji. Maisha yangu yote nimeyamalizia huko, na mto ule sikuwahi kuuona ukipona. Huyu amenionyesha."

Nizar akaiwasha mashine na kuketi. Rispah alisimulia huku akilia, wala hakuona haya.

Mwezi uliofuata, mashine ilipogoma huko Riyadh, Nizar mwenyewe aliipeleka kwa fundi wa soko la Batha. Fundi akauliza kama aitengeneze na sauti pia.

"Iache," Nizar akamwambia. "Sauti tunayo nyumbani."